Safari ya Chunyu na Landrova ya Mjomba



Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Chunyu, atakuuliza habari za Mbeya, kwa maana masikio yake yamesikia Chunya. Ukimsahihisha, jirani yake atadakia kwamba anaifahamu sana, iko Mpwapwa. Naye si mwongo, maana Chunyu iko huko pia. Lakini Chunyu ninayotaka kukupeleka leo iko kusini, katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, nchi ya Wamwera, ya mikorosho na ufuta. Watu wake shughuli zao huzigawa, nyingine Ruangwa, nyingine Nachingwea.

Nilikwenda kwa sababu ya barua. Siku hizi watu hupiga simu, lakini mjomba wangu wa Chunyu, jambo likiwa zito, huandika. Aliandika hivi: ufuta umekwisha kuuzwa mnadani, fedha zimefika, na fundi mmoja amemwahidi kuigeuza Landrova yake ya petroli inywe dizeli, kwa shilingi milioni mbili. Akataka nije kabla hajatoa fedha, kwa kuwa mimi nimeshika spana miaka mingi. Nawe wajua kwetu sisi Wamwera, mjomba akikuita huulizi mara mbili. Nikapanda basi.

Njia yenyewe haina taabu mwanzoni. Kutoka Lindi unapita Mnazi Mmoja, Mtama, kisha Nyangao penye hospitali, hata Nanganga. Hapo barabara kubwa yaendelea Ndanda na Masasi, nawe wageuka kulia kuelekea Ruangwa. Nilisafiri mwezi wa Julai, mvua zimekwisha kitambo, majani ya mihogo yamevaa vumbi, na kando ya njia mabua ya ufuta yamesimama makavu. Ungepita hapo mwezi wa Februari ungekuta habari nyingine. Katika njia za vijijini udongo huwa uji, pikipiki huanguka, na magari madogo husimama wiki nzima. Ndiyo sababu Landrova kuukuu huku bado ina heshima kuliko gari jipya la mjini.

Nilimkuta mjomba uwanjani, chini ya mwembe, amekaa karibu na gari lake kama mtu anayemwuguza mgonjwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa wangu. Karibu. Mgonjwa ndiye huyu."

Ni Landrova ndefu, ile iitwayo 109, ya mpango wa pili wa zamani, injini ya petroli ya silinda nne. Mjomba aliinunua mwaka 1984 kwa mzee mmoja wa Masasi. Imebeba ufuta na korosho mpaka ghala la chama cha msingi, imebeba mabati, imebeba maharusi, na imebeba majeneza. Zaidi ya yote imebeba wagonjwa usiku, kwenda Ruangwa, au Nyangao, au Ndanda. Katika masika iliyopita ilikuwa imembeba mama mmoja mjamzito, mtoto amekaa vibaya tumboni. Kabla ya kufika Nanganga ikazima. Walikaa gizani zaidi ya saa moja, mvua inanyesha, mjomba anapuliza mipira ya petroli kwa mdomo, mkaza mjomba ameshika kichwa cha yule mama mapajani. Ikawaka, wakafika. Mama na mtoto wazima. Lakini tangu siku ile mjomba hakulala vizuri, akaapa kuitoa petroli katika gari lake. Alisema, "Dizeli haina mambo ya plagi kulowa. Dizeli ni mafuta ya wanaume."

Mkaza mjomba alikuwa anapepeta mchele pale barazani. Alicheka kidogo, asiseme neno.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza jambo lenyewe, kwa kuwa najua si Chunyu tu kunakosemwa maneno kama ya fundi yule. Injini ya petroli na injini ya dizeli zafanana kwa nje kama watoto pacha. Zote zina silinda, pistoni na vali. Lakini namna ya kuwasha moto ndani ni mbali kabisa.

Je, umepata kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono? Ukipiga kwa nguvu, shika ncha ya chini ya pampu: ni moto. Hukuwasha kiberiti. Hewa imeshindiliwa, nayo hewa ikishindiliwa hupata joto. Hiyo ndiyo siri yote ya dizeli. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu, huishindilia mno hata ikawa ya moto kuliko kikaango, kisha dizeli hupulizwa ndani kwa nguvu kama ukungu mwembamba, nayo huwaka yenyewe. Hakuna plagi ya cheche. Injini ya petroli haifanyi hivyo. Yenyewe hupokea hewa iliyokwisha kuchanganywa na petroli katika kabureta, huishindilia kwa kiasi tu, halafu plagi hutoa cheche na moto huwaka.

Nitakupa hesabu ya Landrova yenyewe. Injini yake ya petroli ya lita mbili na robo ilipoanza kutengenezwa, mwaka 1958, ilishindilia hewa mpaka ikawa sehemu moja ya saba; baadaye wakafanya moja ya nane. Mwaka 1961 wakatoa ya dizeli yenye ukubwa ule ule. Hiyo hushindilia hewa mpaka sehemu moja ya ishirini na tatu. Zilitengenezwa makusudi zifanane, mashimo yake ya bolti yalingane, ili mtu aweze kutoa moja na kuweka nyingine katika gari lile lile. Lakini ndani pistoni ni nyingine, silinda hedi ni nyingine, na dizeli ina pampu yake ya kusukuma mafuta na nozeli zake. Nguvu nazo si sawa: ya petroli ilihesabiwa nguvu za farasi 77, ya dizeli 62.

Mjomba alisikiliza yote, kisha akanipinga, na pingamizi lake lilikuwa la haki. Alisema, "Mwipwa, usinione mjinga. Mimi nimeona kwa macho trekta ya Ferguson ikiwashwa kwa petroli, ikipata moto inafunguliwa koki ya pili, inakula mafuta ya taa mpaka jioni. Kama yaweza mafuta ya taa, kwa nini isiweze dizeli?"

Ni kweli, trekta za namna hiyo zilikuwako, na wazee wengi walizitumia. Lakini hata zilipokula mafuta ya taa, plagi zake ziliendelea kutoa cheche. Ilikuwa injini ya petroli bado. Mafuta ya taa ni mepesi kiasi, bomba likipata moto hugeuka mvuke. Dizeli ni nzito. Ukiimimina katika injini ya petroli haigeuki mvuke wa kutosha. Hulowesha plagi, hutoa moshi mweupe, na gari huzima. Nami najua, kwa sababu nilipokuwa kijana mwanafunzi wa gereji nilitumwa kujaza tenki la gari la mteja, nikajaza dizeli badala ya petroli. Lilikwenda kama mita mia mbili. Siku mbili nzima nilisafisha tenki, mipira na kabureta, na mshahara wa mwezi ule sikuuona.

Basi mtu akikuambia atageuza injini yako ile ile ya petroli iwe ya dizeli, mwulize atafanyaje ishindilie hewa mara tatu ya ilivyozoea. Akisema atakwangua silinda hedi, mwambie haitoshi. Akisema ataweka pistoni nyingine, mwulize bolti zitashikilia nini.

Usidhani jambo hili lawashinda mafundi wa vijijini peke yao. Kule Marekani, kampuni kubwa ya General Motors ilitoa mwaka 1978 injini ya dizeli ya Oldsmobile, silinda nane, lita 5.7, ambayo mfano wake uliondolewa katika injini yao ya petroli. Mwili wenyewe waliuongezea unene, lakini bolti za kushika silinda hedi waliziacha kwa idadi na mpango ule ule wa petroli, ili mashine za kiwandani zisibadilishwe. Hawakuweka wala kichujio cha kutenga maji na dizeli. Bolti zikavutika, gasketi zikaungua, maji yakaingia ndani. Watu wakashitaki mahakamani, na mwaka 1985 injini hiyo ikaachwa. Wamarekani wengi waliichukia dizeli kwa miaka mingi baadaye, ijapokuwa kosa halikuwa la dizeli.

Nilipomsimulia mjomba habari hiyo, alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Baba yake, yaani babu yangu mzaa mama, alifanya kazi ya kung'oa visiki Nachingwea wakati wa mpango wa karanga. Labda nawe umesikia kwa wazee wako. Serikali ya Kiingereza ilianza mwaka 1947 kufyeka pori huko Kongwa, kisha huku kwetu, ili kulima karanga kwa wingi. Matrekta hayakutosha, basi kule Uingereza kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaondoa mizinga, ikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Reli ikajengwa mpaka Nachingwea, bandari ikachimbwa Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na paundi milioni 36 za Waingereza zikawa zimepotea. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mjomba alisema, "Baba alikuwa akituambia, mashine ya vita haikukataa kuwa mashine ya shamba. Ilivunjika tu, na spea hakuna."

Nikaona mzee ameelewa kuliko nilivyomweleza.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba gari la petroli haliwezi kabisa kuwa la dizeli. Laweza. Lakini kinachofanyika ni kutoa injini nzima na kuweka nyingine iliyozaliwa dizeli. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huifanya kazi hiyo na huifanya vizuri. Wengine huweka dizeli ya Landrova yenyewe, au zile za Tdi zilizokuja mwaka 1989 na kuendelea. Wengi zaidi huweka injini za mtumba za Toyota au Isuzu, kwa kuwa spea zake zapatikana kila mji.

Kesho yake tulikwenda Ruangwa mjini kumwona mtu mwenye Landrova ya namna hiyo. Alikuwa mwungwana, akafungua boneti, akatuonyesha bila kuficha. Injini ni ya Toyota, silinda nne. Haikulingana na gia boksi ya Landrova, basi fundi alikata bamba nene la chuma, akalitoboa upande huu matundu ya Toyota na upande huu ya Landrova, na bamba hilo ndilo linaloziunganisha. Nalo lataka kipimo cha hali ya juu, maana likipinda unene wa unywele tu, klachi na beringi huliwa. Rejeta ilisogezwa mbele. Springi za mbele ziliongezwa jani, kwa kuwa dizeli ni nzito. Betri ilibadilishwa, kubwa zaidi, maana kuizungusha injini inayoshindilia hivyo si kazi ya betri dogo. Bomba la pili la mafuta lilivutwa mpaka tenki, la kurudisha dizeli isiyotumika. Tenki lenyewe lilioshwa na kuwekewa kichujio cha kutenga maji.

Mjomba akauliza, "Na imekugharimu nini?"

Yule bwana akacheka. "Mzee wangu, injini niliijua bei yake kabla ya kununua. Vitu vingine ndivyo sikuvijua." Akavitaja: mikono ya kushikia injini, ekzosi, klachi, mipira, nauli za kwenda na kurudi Mtwara na Dar es Salaam kutafuta kitu kimoja kimoja. Na ekseli ya nyuma imekatika mara mbili, kwa kuwa injini mpya yavuta kwa nguvu pole pole, na ekseli za Landrova za zamani hazikuzoea kuvutwa hivyo. Juu ya hayo ilibidi apeleke habari TRA, kwa sababu kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na aina ya mafuta. Ukisimamishwa na askari na injini haifanani na kadi, utaeleza mpaka jua lizame.

"Wajuta?" nikamwuliza.

"Hata kidogo. Mimi nabeba abiria siku sita katika juma. Imekwisha kujilipa."

Msomaji, neno hilo la mwisho ndilo tulilorudi nalo Chunyu, na usiku ule tulikaa na kalamu. Nakuomba nawe ufanye hesabu pamoja nasi, ubadili tarakimu kwa bei za kwako. Tuseme safari moja ya kwenda na kurudi ni kilomita 100, gari lina mzigo, njia mbaya. Landrova ya petroli katika hali hiyo hula lita kama 20. Ya dizeli hula 12. Umeokoa lita 8. Tuseme lita ni shilingi 3,000, umeokoa 24,000. Tuseme kazi yote, injini na vile vitu visivyojulikana, ni shilingi milioni sita. Gawanya: safari 250 ndipo fedha yako irudi. Yule bwana wa Ruangwa kwa safari sita kila juma amezimaliza kabla ya mwaka kwisha. Mjomba kwa safari moja ya juma atazimaliza baada ya miaka mitano kasoro kidogo, ikiwa hakuna kilichovunjika.

Hapo nimeweka petroli na dizeli bei moja. Sio kosa. Zamani tulizoea kwamba dizeli ni rahisi, lakini EWURA hutangaza bei kila mwezi, na mwaka 2022 ilitokea miezi ambayo dizeli ilikuwa ghali kuliko petroli. Tena zamani dizeli ndiyo iliyopatikana vijijini kwa ajili ya mashine za kusaga. Leo umeme umefika vijiji vingi, mashine nyingi zasaga kwa umeme, na kinachouzwa kila kibanda kwa chupa ni petroli ya bodaboda. Mambo yamepinduka bila sisi kuona.

Mjomba alitazama karatasi muda mrefu. Alikuwa amekwisha kujiona juu ya gari la dizeli. Akasema, "Lakini ule usiku wa Nanganga? Hesabu yako haina ule usiku."

Kwa kweli haikuwa nao. Sikuwa na jibu la haraka.

Ndipo mkaza mjomba akaingia katika shauri. Nusu ya ufuta ule ulikuwa wa shamba lake, basi neno lake si la pembeni. Aliuliza, "Mwanangu, pampu hiyo ya dizeli ikiharibika Januari, fundi wa Chunyu ataifungua?"

Nikamwambia hapana. Pampu ya dizeli na nozeli zake zapimwa kwenye mashine maalumu mjini. Ukizifungua chini ya mwembe umeziua. Chembe moja ya mchanga yatosha.

"Na hii ya sasa?"

"Hii ya sasa, mama, mjomba ataifungua yeye mwenyewe kwa bisibisi."

"Basi ule usiku tungalikaa hadi asubuhi," akasema, akaenda zake kuangalia chungu.

Hata hapo sikutaka kumshinda mjomba kwa maneno. Nilimwomba kesho tuichungulie Landrova kabla ya kuihukumu, kwa maana hakuna aliyetafuta sababu ya kuzima siku ile. Tukafungua. Tenki lilikuwa na kutu, na chini yake maji kama kikombe kizima, kwa sababu mfuniko haukuwa na mpira na petroli ilinunuliwa madumuni. Kikombe kile cha kioo cha pampu ya petroli, ambacho kazi yake ni kuonyesha uchafu, kilikuwa cheusi hata huoni ndani. Waya za plagi zimepasuka, na kifuniko cha distributa kina ufa. Unyevu ukiingia hapo, cheche hupotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Kabureta imechakaa, spindeli yake yacheza, yavuta hewa ya wizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikila petroli nyingi. Injini yenyewe, tulipopima mgandamizo silinda moja moja, ilikuwa bado nzuri. Nilistaajabu. Imezeeka kwa heshima.

Nikataka kumwonyesha mjomba jambo. Nilichukua waya moja ya plagi, nikaimwagia maji kidogo, nikawasha. Injini ikakohoa, ikayumba, ikazima. Nikaikausha kwa kitambaa, ikawaka. "Huu ndio usiku wako wa Nanganga," nikamwambia. Hakujibu, lakini alikichukua kitambaa kile akakiweka chini ya kiti cha dereva, na nadhani kiko huko mpaka sasa.

Tukaandika orodha: waya na plagi, kifuniko cha distributa na pointi, kabureta mpya au iliyofanyiwa kazi, mpira wa mfuniko wa tenki, kichujio cha petroli cha kuweka njiani, na kazi ya kulitoa tenki na kulisafisha. Yote, kwa bei nilizozijua, haikufika shilingi laki tisa. Nilimwonyesha pia jambo lisilo na gharama: kila amiminapo petroli ya chupa au dumu, aipitishe kwenye faneli yenye wavu mwembamba wa shaba na kuiacha ya chini kabisa, maana maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini. Na faneli ya petroli isitumike kwa mafuta ya kula, akina mama mnanielewa.

Jumapili, baada ya Misa, fundi wa milioni mbili alikuja kuchukua malipo ya kwanza. Mjomba alimkaribisha vizuri, akampa chai na mihogo, kisha akamwuliza lile swali la kushindilia. Fundi akasema ataongeza gasketi. Sasa, anayejua kazi hii atacheka, kwa sababu gasketi ikiongezwa nafasi huzidi na hewa hushindiliwa kidogo kuliko kwanza. Mjomba hakucheka. Alimshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi. Sitamtukana mtu yule. Inawezekana aliamini asemalo. Watu wengi hufundishwa kazi nusu na kuachwa wajaze nusu nyingine kwa kubahatisha, na shilingi milioni mbili za familia ndizo zinazolipia kubahatisha huko.

Katika kuaga, mjomba alinisindikiza na Landrova ile ile mpaka Nanganga, na tulipopita mahali ilipozima siku ile alipunguza mwendo akanionyesha kwa kidole, jiwe walilolikalia. Nyuma alikuwamo yule mama na mtoto wake, wanakwenda Nyangao kliniki. Mtoto alilala njia nzima, ijapokuwa ekzosi ina tundu na kelele zake si za kawaida. Hilo la ekzosi tulilisahau katika orodha.

Wiki tatu baadaye nikampelekea kabureta kwa basi. Alinipigia simu, safari hii hakuandika. Alisema gari lawaka kwa mkupuo mmoja asubuhi, na katika safari ya Nachingwea limerudi na petroli ambayo zamani lingekuwa limekwisha kuinywa. Fedha zilizobaki mkaza mjomba amezipangia mabati ya jikoni. Kuhusu dizeli, mjomba amesema tutazungumza tena baada ya korosho.

Kwa heri, msomaji. Ukipita Chunyu ukasikia Landrova kabla ya kuiona, ndiyo hiyo.